KIATU KIKIMBANA MTOTO: SOMO LA KURUDISHA VIATU DUKANI

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Naandika kutoka hapa Bute, Wajir Kaskazini. Kila mwaka katika jarida letu wenzangu huandika juu ya methali, insha na ushairi, na mimi husoma nikafurahi. Safari hii nimechagua jambo dogo ambalo huenda ukalicheka: viatu vya shule vya mtoto mdogo visivyomwenea, na namna ya kuvirudisha dukani. Tafadhali usicheke bado. Wahenga walinena kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mimi naongeza kuwa adhabu ya kiatu aijuaye mguu, na mguu wenyewe hauna mdomo wa kusema.

Nitaligawa somo langu katika sehemu tano: kisa chenyewe, namna ya kupima mguu, maana ya namba za viatu, haki ya mnunuzi, na mwisho lugha ya kutumia dukani. Mwisho kabisa kuna zoezi.

1. KISA CHENYEWE

Kabla ya shule kufunguliwa mwezi wa Januari, mama aliuza mbuzi mmoja ili tupate sare, madaftari na viatu. Mdogo wangu ana miaka minane na anasoma Gredi ya Pili. Wakati huo wa likizo hakuwa mjini. Alikuwa kwa ayeyo, yaani nyanya yetu, akisaidia kuchunga mbuzi. Mama alipokwenda kuwasalimia alimpima mguu kwa uzi, akafunga fundo penye mwisho wa kidole gumba, akautia uzi ule katika pindo la mtandio wake na kurudi nao Bute.

Hivi ndivyo wazazi wengi wa huku hufanya, kwa sababu mtoto yuko malishoni na duka liko mjini. Mama alimwonyesha mwenye duka uzi akamwambia, "Nataka viatu vyeusi vya shule vya mtoto wa miaka minane. Mguu wake ndio huu." Mwenye duka akatia uzi ndani ya kiatu, akaona umebakisha nafasi kidogo, akasema, "Mama, chukua hivi namba 31. Vitamtosha mwaka mzima." Mama akatoa shilingi 1,200. Hakupewa risiti na wala hakuiomba. Ukutani palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi.

Mtoto alifika Jumapili jioni. Alipovaa, alikunja uso. Mama akasema, "Ni vipya tu, vitapanuka." Mimi pia nilisema hivyo hivyo, na leo najuta. Jumatatu alikwenda shule akichechemea. Jumanne alirudi na lengelenge kwenye kisigino cha kushoto, na kucha ya kidole gumba imekuwa nyekundu. Jumatano nilimkuta njiani amebeba viatu mkononi, anatembea peku kwenye mchanga wa moto. Nilipomuuliza kulikoni, akanijibu, "Shule inauma. Afadhali nirudi kwa mbuzi."

Ndugu msomaji, maneno hayo yalinichoma moyo kuliko huo mchanga ulivyomchoma yeye. Huku kwetu sote tunawajua watoto walioanza shule kisha wakarudi malishoni wasionekane tena darasani. Wengine walirudi kwa sababu ya ukame, wengine kwa umaskini. Je, huyu wetu angerudi kwa sababu ya nusu sentimita ya ngozi? Siku ile ile nilichukua rula yangu ya hesabu nikaanza kuchunguza kosa liko wapi.

2. NAMNA YA KUPIMA MGUU

Kwanza niliupima ule uzi wa mama. Ulikuwa sentimita 20 kamili. Kisha nilimsimamisha mdogo wangu juu ya karatasi, kisigino kimegusa ukuta, nikapiga alama mbele ya kidole kirefu. Mguu wa kulia ulikuwa sentimita 20.1. Wa kushoto ulikuwa sentimita 20.6! Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini lengelenge lilikuwa upande wa kushoto.

Uzi haukusema uongo, ila ulipimwa vibaya. Makosa yalikuwa haya:

(a) Alipimwa ameketi. Mtu akisimama, uzito wa mwili hukandamiza unyayo, nao hurefuka na kupanuka. Kwa hiyo mguu upimwe mtu akiwa amesimama wima.

(b) Alipimwa asubuhi. Miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, hasa penye joto kama letu. Wakati mzuri wa kupima ni alasiri au jioni.

(c) Alipimwa mguu mmoja tu, wa kulia. Watu wengi wana mguu mmoja uliouzidi mwingine. Pima yote miwili na ununue kwa kuufuata ule mkubwa.

(d) Upana haukupimwa. Uzi wa urefu hauwezi kueleza kama mguu ni mpana au mwembamba.

(e) Hakuongezewa nafasi. Mbele ya kidole kirefu panahitajika nafasi ya kama sentimita moja, takriban upana wa kidole gumba cha mtu mzima. Nafasi hiyo ni ya mguu kusogea mtu anapotembea na ya kukua pia. Mtoto wa shule ya msingi mguu wake hurefuka karibu sentimita moja kwa mwaka.

Je, tuongeze sentimita tatu ili kiatu kidumu miaka mitatu? La hasha. Kiatu kinachopwaya nacho ni adui. Kisigino hupanda na kushuka, hupata malengelenge vile vile, na mtoto hujikwaa.

Jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalijui ni hili. Mguu wa mtu mzima una mifupa 26. Katika mguu wa mtoto sehemu ya mifupa hiyo bado ni gegedu laini ambayo haijawa mfupa kamili. Ndiyo maana mtoto anaweza kuvumilia kiatu kinachombana bila kulia sana, huku vidole vikijikunja taratibu. Usingoje alie. Kiangalie kiatu kwa mkono wako mwenyewe: bonyeza ncha akiwa amesimama, uhisi kidole kiko wapi. Kisha mvue soksi uone kama pana alama nyekundu.

3. MAANA YA NAMBA ZA VIATU

Hapa ndipo nilipopata kujua mambo ambayo sikuyatarajia. Namba za viatu si za kubahatisha tu. Zina hesabu yake.

Namba kama 31, 32 na 33 hufuata kipimo kilichotoka Ufaransa. Kila namba moja ni theluthi mbili za sentimita. Kwa hiyo ukitaka kujua urefu wa ndani wa kiatu, zidisha namba kwa 2 halafu gawanya kwa 3. Namba 31 ni kama sentimita 20.7. Namba 33 ni sentimita 22. Sasa tazama: mguu wa kushoto wa mdogo wangu una sentimita 20.6, na kiatu alichonunuliwa kina sentimita 20.7. Nafasi iliyobaki ilikuwa milimita moja tu! Uzi wa sentimita 20 ulibakisha milimita saba, ndiyo sababu dukani kiatu kilionekana kizuri.

Ukitaka kwenda kinyume, chukua urefu wa mguu, ongeza sentimita moja, zidisha kwa 3 na ugawanye kwa 2. Kwake ni 21.6 mara 3 gawanya kwa 2, jibu 32.4. Basi anayemfaa ni namba 33.

Kipimo cha pili ni cha Kiingereza, nacho kimezaliwa na punje za shayiri. Zamani Uingereza inchi moja ilihesabiwa kuwa urefu wa punje tatu za shayiri zilizopangwa mstari. Namba moja ya kiatu ni punje moja, yaani theluthi ya inchi, karibu milimita 8.5. Namba za watoto huanzia kwenye inchi 4, huenda mpaka 13, kisha zinaanza upya kwenye 1. Kwa hiyo namba 1 inayofuata 13 ni kubwa kuliko 13. Kwa hesabu, namba 1 hiyo ni inchi nane na theluthi mbili, yaani sentimita 22, sawasawa na 33 ya Kifaransa. Nilipomweleza mama alistaajabu akasema, "Namba 1 si ya mtoto mchanga?" Ndiyo, iko namba 1 ya mtoto mchanga, lakini hiyo ni ya mzunguko wa kwanza. Angalia usichanganyikiwe.

Huko Marekani, katika miaka ya 1920, bwana mmoja aitwaye Charles Brannock wa mji wa Syracuse alitengeneza chombo cha chuma cha kupimia urefu na upana wa mguu kwa wakati mmoja. Sisi hapa tuna ukuta, karatasi na rula. Vinatosha.

Lakini jihadhari. Kiatu hutengenezwa juu ya kalibu, na kalibu za viwanda hazifanani. Viatu viwili vya namba 33 kutoka viwanda mbalimbali vinaweza kutofautiana urefu na upana. Namba hukuonyesha pa kuanzia, lakini hakimu ni mguu wenyewe.

4. HAKI YA MNUNUZI

Swali lililonisumbua ni hili: je, ile karatasi ya ukutani ina nguvu gani? Nilimwendea mwalimu wetu, tukaongea, nikasoma. Nieleze kwa ufupi.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa. Inampa pia haki ya kupata maelezo anayohitaji ili anufaike na alichonunua, haki ya kulindwa afya, usalama na masilahi yake ya kiuchumi, na haki ya kulipwa fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro ya bidhaa.

Kabla ya hapo iko Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, iliyoanza kutumika mwaka 1931. Kifungu chake cha 16 kinasema kwamba mnunuzi akimjulisha muuzaji kitu ni cha kazi gani, na akategemea ujuzi wa muuzaji huyo ambaye hiyo ndiyo biashara yake, basi kitu kile sharti kiifae kazi hiyo. Nayo Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inazuia maneno ya kuwaondolea wanunuzi ulinzi wa namna hiyo. Kwa hiyo karatasi ya ukutani si ukuta wa chuma.

Hata hivyo, tuseme kweli yote. Sheria haisemi kila kitu kirudishwe. Ukichagua rangi kisha ukaichukia nyumbani, hilo ni lako. Ukidai namba 31 mwenyewe, muuzaji akakushauri 33 ukakataa, hilo pia ni lako. Na kama ulikuwa na nafasi ya kukagua dukani na kasoro ilionekana wazi, huwezi kulia baadaye. Kwa upande wetu, mama alisema viatu ni vya nani na vya kazi gani, alionyesha uzi, na muuzaji akachagua namba kwa mdomo wake. Tulikuwa na hoja. Lakini tulikuwa pia na kosa: tulimwacha mtoto avivae siku tatu njiani. Soli zilikuwa zimekwaruzwa na mawe.

Wenzangu Waislamu wanakumbuka pia kwamba katika fiqhi ya biashara iko khiyari, yaani hiari ya mnunuzi kukirudisha kitu kikionekana kuwa na kasoro iliyofichika. Basi kurudisha si ufidhuli, wala si desturi ngeni ya mjini.

5. LUGHA YA KUTUMIA DUKANI

Hapa ndipo Kiswahili chetu kinapofanya kazi. Katika isimu jamii tunafundishwa sajili ya biashara: ni lugha ya mapatano, ya adabu, na ya kushawishi. Mtu akienda kurudisha kitu kwa matusi, atarudi na kitu chake na matusi juu.

Kwanza jifunze maneno. Kiatu kikikaa sawa tunasema kimemwenea au kimemtosha. Kikiwa kidogo, kinabana. Kikiwa kikubwa, kinapwaya. Sehemu zake ni ncha, ulimi, kisigino, soli na kamba au gidamu. Halafu angalia ngeli. Wengi wetu husema "viatu mbili". Sahihi ni viatu viwili, na hiyo ni jozi moja. Ukisema jozi mbili umeagiza viatu vinne, na mwenye duka atafurahi!

Alhamisi alasiri tulikwenda watatu: mama, mimi, na mtoto mwenyewe. Kumpeleka mtoto ndiyo silaha kubwa, kwa sababu mguu ndio shahidi. Mazungumzo yalikuwa hivi, kadiri ninavyoyakumbuka:

MIMI: Assalamu alaikum, adeer. (Adeer ni baba mdogo au mkubwa, ndivyo tunavyowaita wazee wa rika la baba.)

MWENYE DUKA: Wa alaikum salaam. Karibu, binti yangu. Mama, habari ya nyumbani?

MAMA: Nzuri, alhamdulillahi. Tumekuja kwa ajili ya vile viatu.

MWENYE DUKA: Viatu gani? Hivi? Vimevaliwa hivi! Na unaiona hiyo karatasi?

MIMI: Tumeiona, adeer. Hatukuja kugombana. Ulimwambia mama vitamtosha mwaka mzima, na hakuvikalia hata wiki. Tafadhali bonyeza hapa mbele, mtoto amesimama.

(Akabonyeza. Akanyamaza. Akatazama lile lengelenge.)

MWENYE DUKA: Lakini mlileta uzi! Mimi nilipima uzi.

MIMI: Ni kweli. Uzi wetu ulikuwa mfupi, na hilo ni kosa letu. Lakini wewe ndiye mjuzi wa viatu, adeer. Hukutuuliza kama tumeongeza nafasi.

MWENYE DUKA: Sasa hivi vilivyochakaa nitamuuzia nani?

MAMA: Mtoto mwingine mwenye mguu mdogo. Punguza bei, nasi tutachukua sehemu ya hasara.

Wakapatana. Hakukana kwamba ndiye aliyechagua namba, na kwa hilo namshukuru, maana hatukuwa na risiti na angeweza kukana. Alivipokea vile vya zamani kwa shilingi 900. Jozi ya namba 33 ilikuwa shilingi 1,300. Tukatakiwa kuongeza 400. Mama alitoa 200, na nyingine akaandikiwa deni hadi mwisho wa mwezi. Hasara yetu kwa vile vya kwanza ikawa shilingi 300, nayo ya mwenye duka ni hiyo bei atakayopunguza. Nilifikiri sana njiani kama ilikuwa haki. Nadhani ilikuwa haki, kwa kuwa kosa lilikuwa la pande zote mbili na kila upande ukabeba sehemu yake.

Kutokana na hayo, haya ndiyo masharti ninayokuachia:

(i) Omba risiti, na namba ya kiatu iandikwe. Kipande cha karatasi chenye tarehe na jina la duka kinatosha.
(ii) Uliza kabla ya kulipa: "Visipomwenea, naweza kubadilisha? Kwa siku ngapi?" Jibu lisikike na shahidi.
(iii) Jaribu viatu nyumbani juu ya mkeka au jamvi, jioni, na soksi zake za shule. Usitoke navyo nje. Soli ikiwa safi huna ugomvi na mtu.
(iv) Tunza boksi na karatasi zake.
(v) Vikibana, rudi kesho yake. Usingoje "vitapanuka". Ngozi hulegea kidogo upande wa upana, lakini urefu hauongezeki.
(vi) Zungumza kwa adabu, kiri kosa lako, kisha dai haki yako.

TAMATI

Mdogo wangu sasa anakwenda shule amevaa viatu vyake. Kucha ile ilichukua majuma matatu kupona. Ijumaa iliyofuata nilimuuliza, "Shule bado inauma?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kijinga, akasema, "Shule haikuuma. Ni viatu." Kisha akakimbia.

Wenzangu, huenda nyumbani kwenu yuko mdogo wako anayechechemea nawe umedhani ni mvivu wa kwenda shule. Kabla ya kumgombeza, mvue kiatu umtazame mguu. Walimu wetu wapendwa, nanyi mkimwona mtoto peku na viatu mkononi, msimwadhibu kwa kuvunja kanuni ya sare kabla ya kumuuliza. Haba na haba hujaza kibaba, na milimita na milimita humfukuza mtoto darasani.

Kwa hayo machache naiweka kalamu chini. Kiswahili kitukuzwe!

ZOEZI

1. Mguu mkubwa wa mtoto una sentimita 19. Ukiongeza sentimita moja, atafaa kiatu namba ngapi kwa kipimo cha Kifaransa?
2. Eleza tofauti kati ya kubana, kupwaya na kuenea. Tunga sentensi moja kwa kila kitenzi.
3. Sahihisha: "Nimenunua viatu mbili mpya lakini imenibana."
4. Taja sifa tatu za sajili ya biashara zinazojitokeza katika mazungumzo hapo juu.
5. Pima miguu ya ndugu yako mdogo leo jioni, kisha pima kiatu chake kwa ndani. Nafasi iliyobaki ni milimita ngapi? Swali hili usilijibu daftarini. Lijibu nyumbani.